Umebadilisha gia ya gari la mazao? Kagua pedali na swichi kabla ya kumalizia malipo

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa mazao, leo naomba mnivumilie. Sitaandika juu ya mbegu wala viwavijeshi. Nitaandika juu ya pedali ya klachi. Najua wapo watakaouliza, "Bwana shamba, umehamia gereji?" Sijahamia. Lakini kila msimu nawaambia watu wavune nyanya zikianza kugeuka rangi, wazipange vizuri kwenye matenga, waziwahishe sokoni. Kisha naona kazi yote hiyo inapakiwa kwenye gari lililotengenezwa nusu. Kwangu mimi gari la mazao ni chombo cha kilimo kama lilivyo jembe au pampu ya kupulizia dawa, tofauti ni kwamba hili likikosewa linaua.

Mama mmoja ninayemfahamu hununua vitunguu upande wa Malolo na nyanya popote anapozipata, anauza Mikumi kando ya barabara kuu na nyingine anapeleka Morogoro. Gari lake ni TownAce, lilikuja otomatiki. Giaboksi ikafa akiwa na mzigo. Fundi akaitoa ile ya otomatiki, akamfungia ya manyuali, gia tano. Gari likawaka, likavuta, mama akafurahi, akalipa fedha yote.

Wiki ya tatu walikuwa wanapakia. Gari limeegeshwa penye mteremko kidogo, hendibreki ni dhaifu, kwa hiyo dereva alikuwa ameliacha kwenye gia namba moja, jambo ambalo ni sahihi kabisa kwa gari la manyuali. Kijana mmoja wa kupakia akataka kuchaji simu. Akapitisha mkono dirishani, akazungusha ufunguo ili umeme uje, akauzungusha kupita kiasi. Stata ikashika, gari likaruka mbele. Mbele yake alikuwapo kijana mwingine ameinama anafunga kamba kwenye tenga. Mguu ulivunjika chini ya goti.

Nilipokutana na fundi nikamuuliza imekuwaje gari liwake likiwa kwenye gia, tena bila mtu kukanyaga klachi. Hakubisha wala hakukasirika. Alisema tu, "Mkuu, si lilikuwa linawaka vizuri?"

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu, na si na yeye peke yake. Hapa kwetu gari likiwaka tunaona kazi imekwisha. Fundi anaona hivyo, na mwenye gari anaona hivyo hivyo, ndiyo maana analipa. Mimi nasema gari lililobadilishwa gia halijakamilika mpaka pedali ziwe za aina yake, na swichi tatu ziwe zinafanya kazi: ya klachi, ya rivasi na ya taa za breki. Fundi asiyezifunga hajakupunguzia gharama. Amekupunguzia kazi yake yeye.

Kwanza tuelewane kwa nini watu wanabadilisha. Magari mengi madogo ya mizigo na abiria yanayotufikia ni mtumba wa Japani, na mengi yanakuja na gia za otomatiki. Huko yalikobeba familia hayakuwa na shida. Huku yanapakiwa magunia, yanapandishwa milima ya kuelekea Vidunda, yanahangaika kwenye matope msimu wa masika, na mafuta ya giaboksi hayabadilishwi mpaka yanakuwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua. Giaboksi ya otomatiki inauawa na joto. Mtu akienda kutafuta nyingine anakuta nayo ni ya mtumba, bei juu, na hakuna anayeweza kumhakikishia itadumu miezi mingapi. Ya manyuali kila fundi anaifahamu. Kwa hiyo simlaumu anayebadilisha. Kwa TownAce au Hiace, ambazo kiwanda chenyewe kiliuza kwa namna zote mbili, mabadiliko hayo yana akili kabisa.

Sasa kinachotokea kwenye waya. Gari la otomatiki lina swichi ubavuni mwa giaboksi inayojua lever iko wapi. Kazi yake moja ni kuzuia stata isipate umeme isipokuwa lever iko P au N. Ukitoa giaboksi ile, swichi nayo imeondoka, na soketi yake inabaki inaning'inia chini ya gari. Ukizungusha ufunguo, kimya. Fundi mwenye haraka anatafuta zile waya mbili za stata kwenye soketi, anazifunga pamoja kwa tepu, gari linawaka. Dakika tano tu. Tangu siku hiyo gari litawaka likiwa kwenye gia yoyote, mtu yeyote akizungusha ufunguo, awe dereva au mtoto.

Kazi sahihi inaanza kwenye waya zile zile mbili. Badala ya kuzifunga pamoja, zinaongezwa urefu na kupelekwa ndani, juu ya pedali ya klachi, kwenye swichi inayofunga njia ya umeme pale tu pedali inapokanyagwa mpaka chini. Hapo stata haipati umeme mpaka mguu uwe kwenye klachi. Swichi hiyo huwa ipo kwenye seti ya pedali iliyotoka kwenye gari la manyuali lenye mfumo huo, na ukiinunua peke yake ya mtumba bei yake haikaribii hata kidogo bei ya giaboksi uliyokwisha kununua. Angalizo moja: umeme wa njia ya stata si mdogo. Swichi ya kubuni, kama ile ya kubofya ya taa, itaungua na siku moja gari litagoma kuwaka katikati ya hifadhi. Kama swichi halisi haipatikani, njia ipitishwe kwenye rilei, ile ndogo ibebe umeme mdogo tu wa kuamsha rilei.

Mafundi wana hoja yao, na ni hoja ya kweli. Wanasema Land Rover za zamani na pikapu nyingi hazikuwa na swichi hiyo, na watu waliendesha miaka yote. Ni kweli. Wengine wanaongeza kwamba gari lisilo na swichi likizimika juu ya reli, unaweza kuweka gia namba moja na kupiga stata, likajivuta lenyewe hadi ng'ambo. Hilo nalo ni kweli, na sisi wa Kilosa na Kimamba tunaovuka reli ya zamani tunaelewa kwa nini mtu analiona ni jambo la maana.

Jibu langu ni hili. Dereva wa pikapu ya zamani alijifunza kwenye gari hilo hilo. Mkono wake unatikisa lever kabla ya kugusa ufunguo, hata akiwa usingizini. Mwenye TownAce iliyobadilishwa amezoea gari ambalo haliwezi kuwaka likiwa kwenye gia. Mke wake amezoea hivyo, dereva wake pia, na vijana wa kupakia nao. Umewabadilishia gari bila kuwabadilishia mazoea. Na hiyo ya kujivuta relini utaihitaji labda mara moja maishani, wakati ufunguo unazungushwa kila siku mara kumi, mbele ya watu wanaopakia.

Tuje kwenye pedali yenyewe, maana hapa nimeona mambo ya ajabu zaidi.

Pedali ya breki ya gari la otomatiki ni pana, imetengenezwa ikae peke yake karibu na mafuta. Ukiongeza ya klachi pembeni, nafasi inakuwa finyu, na dereva mwenye buti au kandambili anakanyaga zote mbili kwa pamoja. Wapo wanaoikata ile pana kwa grenda ili ipungue. Wapo wanaochomelea mkono wa klachi kutoka gari jingine kabisa. Pedali ya breki iliyochomelewa pembeni ya barabara mimi sipandi, na wala sitaki nyanya zangu zipande. Inakanyagwa kwa nguvu kubwa zaidi siku ile unayoihitaji kuliko siku zote, na ndiyo siku itakayokatika. Nunua seti nzima ya pedali, na fremu yake, iliyotoka kwenye gari la aina hiyo hiyo lenye gia za manyuali. Ukinunua giaboksi, mwambie muuzaji kabisa kwamba unataka na pedali, masta silinda ya juu, silinda ya chini, na bomba lake, vyote kutoka gari moja. Wauzaji wa spea za mtumba huko Dar es Salaam wanaelewa lugha hiyo vizuri.

Flaiwili na bolti zake usiziache nje ya hesabu. Gari la otomatiki halina flaiwili nzito ya klachi; lina bamba jembamba, na bolti zinazolishika si lazima ziwe urefu sawa na za flaiwili. Fundi akirudishia za zamani kwa sababu "zimeingia", uliza tena.

Masta silinda inafungwa kwenye ukuta wa bati kati ya injini na miguu ya dereva. Magari mengi yana alama pale, mahali ambapo kiwanda kingetoboa kama gari lingekuwa la manyuali. Fundi anatoboa, sawa. Lakini bati la hapo ni jembamba, na kila ukikanyaga klachi unalisukuma. Kama hapakuwekwa bamba la kuimarisha, bati linaanza kucheza, pedali inakuwa laini, gia zinaingia kwa kelele, kisha bati linapasuka kuzunguka zile bolti. Mtu anabadilisha klachi mara mbili akidhani klachi ni mbovu, kumbe kinachosogea ni ukuta. Kipimo chake ni rahisi: fungua boneti, mtu mmoja akanyage klachi polepole, wewe tazama masta silinda. Ikisogea pamoja na bati, rudisha gari kwa fundi.

Ndani ya mfumo huo weka maji ya breki, DOT 3 kama kifuniko cha chombo chake kinavyoelekeza, na si oili ya injini wala ya haidroliki. Oili zile zinavimbisha mipira ya silinda, na baada ya siku chache pedali inazama na hairudi. Nimeliona hilo kwenye gari la mchele pale Rudewa. Mwenyewe aliapa hajaweka kitu kibaya, ila kopo lilikuwa bado chini ya kiti.

Mchezo wa pedali nao ni muhimu. Unaposukuma klachi kwa kidole, inatakiwa iende kidogo bila uzito wowote kabla ya kuanza kuwa nzito. Kwa Toyota nyingi ni kati ya milimita 5 na 15, yaani kama unene wa kidole au pungufu yake. Kama hakuna mchezo kabisa, bearing ya klachi inasukumwa muda wote, klachi inateleza na inaungua ukipanda mlima na magunia. Mchezo ukizidi, klachi haiachii vizuri na gia zinasaga. Na hapa swichi inahusika tena: kuna swichi nyingine au kizuizi cha mpira kinachokaa juu ya mkono wa pedali. Kikikazwa kupita kiasi kinaisukuma pedali chini kidogo wakati wote. Dereva hahisi kitu, ila klachi inaisha kabla ya msimu kuisha.

Swichi ya rivasi inasahaulika kuliko zote. Ile ile swichi ya giaboksi ya otomatiki ndiyo iliyokuwa inawasha taa nyeupe za nyuma. Ikiondoka, taa zinakufa. Giaboksi ya manyuali ina swichi yake ndogo ya rivasi ubavuni, waya mbili tu, na waya za kwenda kwenye taa ziko kwenye soketi ile ile inayoning'inia. Kazi ya robo saa. Hakuna sababu ya kuiacha isipokuwa uvivu. Fikiria gulio, jioni, gari linarudi nyuma kutafuta nafasi katikati ya akina mama waliotandaza mboga chini. Taa nyeupe ndiyo inayowaambia wanyanyuke.

Swichi ya taa za breki inakaa juu ya pedali ya breki. Pedali ikibadilishwa, swichi lazima irekebishwe upya. Ikikaa mbali, taa zinawaka muda wote na wa nyuma yako hajui lini unasimama kweli. Ikikaa karibu mno, taa haziwaki mpaka ukanyage sana. Hapa kwetu barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Twiga au tembo anatokea, unashika breki, na nyuma yako kuna lori refu la kwenda Zambia. Dereva yule anategemea taa zako. Trafiki atakutoza faini kwa taa hizo, lakini faini ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

Kuna mengine yatakayojitokeza ambayo si ya hatari sana. Taa ya injini kwenye dashibodi inaweza kubaki inawaka, kwa sababu kompyuta ya gari bado inaitafuta giaboksi ya otomatiki. Dawa yake ni kompyuta ya gari la manyuali lenye injini ile ile. Ubaya ni kwamba taa hiyo ikizoeleka, siku injini ikiwa na tatizo la kweli hutajua. Ufunguo pia unaweza kugoma kutoka, kwa kuwa ulikuwa unasubiri lever iwe P. Fundi anajua pa kulegeza hapo.

Sasa unakaguaje wewe usiye fundi? Fanya siku ya kuchukua gari, mbele ya fundi, na usiwe umemaliza kulipa. Mwambie mapema, kabla hajaanza kazi, kwamba sehemu ya fedha ya ufundi italipwa baada ya ukaguzi. Fundi mzuri hakatai.

Weka gari mahali tambarare, hendibreki juu, mbele na nyuma pasiwe na mtu. Gia iwe fri, uitikise kuhakikisha. Usikanyage klachi. Zungusha ufunguo mpaka mwisho. Stata ikipiga, waya zimeungwa, na mazungumzo yenu hayajaisha. Isipopiga, kanyaga klachi mpaka chini ujaribu tena. Sasa inatakiwa iwake. Jaribio hili lifanywe gia ikiwa fri tu, msije mkajaribu kwenye gia mkarudia kisa cha Mikumi.

Injini ikiwa inanguruma, kanyaga klachi, hesabu mpaka tatu, ingiza rivasi. Ikisaga, klachi haiachii. Rudisha fri uachie klachi. Kisha ikanyage tena, ingiza gia namba moja, shikilia pedali chini dakika nzima bila kuiachia. Gari likianza kujisogeza lenyewe, masta silinda inapitisha ndani. Zima. Washa umeme tu bila injini, kanyaga klachi na uingize rivasi, mtu akiwa pembeni atazame taa nyeupe. Atazame na za breki: zinawaka ukigusa tu, zinazima ukiachia. Mwisho inama upapase sehemu ya juu ya pedali ya klachi ndani ya gari. Ukikuta unyevu, masta inavuja tangu siku ya kwanza.

Anayenunua gari la mtumba kwa mtu afanye yale yale. Dalili za gari lililobadilishwa ni pedali pana ya breki pembeni ya klachi, herufi za P R N D kwenye dashibodi, au bati lililokatwa kwa mkono kuzunguka lever. Si lazima ulikatae, ila ujue unanunua nini, na bei ionyeshe hivyo.

Kama hupati seti nzima ya gari moja, au gari lako ni la aina ambayo haikuwahi kutoka na gia za manyuali, maoni yangu ni usibadilishe. Bora utengeneze otomatiki na ubadilishe mafuta yake kwa wakati, au uliuze. Na wanaosema gari la otomatiki halishiki mlimani wanakosea: lile lenye nafasi ya 2 na L kwenye lever limewekewa kwa kazi hiyo hiyo ya kuteremka na mzigo. Tatizo ni kwamba wengi hatujawahi kuzitumia.

Gari la yule mama lilirudishwa kwa fundi yule yule. Alifunga swichi ya klachi na ya rivasi asubuhi moja, akamaliza kabla ya chakula cha mchana, na hakumtoza mama fedha ya ufundi. Spea mama alinunua mwenyewe. Gharama za hospitali za yule kijana ndizo alizokuwa bado analipa mara ya mwisho nilipoongea naye, na vitunguu vya msimu ule vyote vilikwenda huko.